Vyuo Viwili vya Meno Nairobi: Mtoto wa Mfanya Kazi Aende Wapi?



Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakisha kutoka, ofisi ya Chama hujaa wazazi kuliko siku za mgomo. Safari hii wengi wameleta swali moja, nalo si la mshahara. Wana vijana waliofanya vizuri katika biolojia na kemia, na vijana hao wanataka kazi ya meno. Waende chuo gani?

Katika mji huu wa Nairobi kuna vyuo viwili vya umma vinavyofundisha kazi hiyo. Kimoja ni Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoanza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, na hospitali yake ya meno iko barabara ya Argwings Kodhek. Cha pili ni Chuo cha Mafunzo ya Tiba, kile ambacho watu wote hukiita KMTC, chenye asili yake mwaka 1927 na makao yake karibu na Hospitali ya Kenyatta. Kutoka lango hili mpaka lile, mwenye miguu mizima hana haja ya matatu. Lakini kwa mzazi mwenye mshahara mmoja na watoto wanne, malango hayo mawili yako mbali sana.

Tumewasikiliza wazazi hawa, na twasema wazi kwamba njia wanayotumia kuchagua si njema. Mzee mmoja alituambia, "Mwanangu akitoka Chuo Kikuu ataitwa Daktari. Akitoka kule kwingine ataitwa nani?" Basi shauri limekwisha hapo. Na mzee huyo ndiye yule aliyesimama katika mikutano yetu miaka 20 akipinga fundi kudharauliwa na karani, na karani kudharauliwa na meneja. Kazini hapendi ubwana, bali nyumbani ndio kipimo anachowapimia watoto wake.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi hawaijui. Chuo Kikuu hufundisha udaktari wa meno kwa miaka 5, kisha kijana hufanya mwaka 1 hospitalini chini ya wakubwa wake kabla ya kupewa ruhusa kamili. Huyu ndiye atakayetibu mzizi wa jino uliooza ndani, atakayepasua ufizi kutoa gego lililokwama, atakayeunga taya la mtu aliyeanguka na bodaboda. KMTC ina masomo mawili, na kila moja ni la miaka 3. La kwanza ni la afisa wa afya ya kinywa wa jamii. Yeye husafisha meno, huziba jino lililoanza kutoboka, hung'oa jino la kawaida, na huenda katika shule na vijiji kufundisha watu kabla hawajaugua. La pili ni la fundi wa meno. Fundi huyu hakutani na mgonjwa. Yuko mezani kwake na moto na mashine, akitengeneza meno ya bandia, vifuniko vya meno na waya za kunyoshea meno ya watoto. Wazee wetu wengi wenye meno ya bandia humshukuru daktari aliyewavalisha, wala hawajui kwamba aliyeyafanya ni fundi wa chumba cha nyuma.

Wanaosema kazi ya KMTC ni kazi ya kubeba sahani ya daktari na wasome uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015. Ulionyesha kwamba karibu robo ya watoto, na watu wazima kama theluthi moja, wana meno yaliyooza, na kwamba karibu watu wazima wote wanatoka damu katika ufizi. Watoto wapatao 4 katika kila 10 walikuwa na meno yenye madoa kwa sababu ya floridi, madini yaliyomo katika maji. Watu wa Nakuru na Naivasha wanayajua meno hayo ya kahawia bila kuambiwa. Je, ufizi unaotoka damu wahitaji daktari wa upasuaji? Wahitaji mtu wa kuusafisha na kumfundisha mwenyewe namna ya kuutunza, tena karibu na kwake, si Nairobi. Sheria nayo imeona hivyo, kwa kuwa tangu mwaka 2019 maafisa wa afya ya kinywa wametajwa katika sheria ile ile ya madaktari na madaktari wa meno, na kuandikishwa na Baraza lile lile.

Hatusemi kazi hizi ni sawa. Si sawa, na afisa anayejaribu kufanya kazi asiyofundishwa ataumiza watu. Tunasema kila moja ni kazi kamili.

Neno la pili ni mikono. Kazi ya meno haisomwi kitabuni tu, kama vile mtu hawezi kuwa fundi wa cherehani kwa kusoma habari za nguo. Mwanafunzi huanza na kichwa cha bandia chenye meno ya plastiki, kisha huingia kliniki, na huko huhesabiwa: meno mangapi ameziba, mangapi ameng'oa, seti ngapi za meno ya bandia amemaliza. Asipotimiza hesabu hamalizi, hata akiwa wa kwanza katika mitihani ya kuandika. Kwa hiyo kijana anayetaka kuchagua asiishie kwa karani wa maandikisho. Karani atampa karatasi yenye picha nzuri. Na aende kliniki za vyuo vyote viwili siku ya kazi, akae benchi pamoja na wagonjwa, kisha awaulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Viti vingapi vinafanya kazi leo? Ulipata wagonjwa wa kutosha, au ulilazimika kuwatafuta mwenyewe kwa jamaa na majirani? Vyombo ulinunua kwa fedha yako? Kiti kilichoharibika hakimfundishi mtu, hata kikiwa ndani ya jumba kubwa.

Na aulize pia kama anafundishwa kuziba meno kwa vitu vipya, si kwa ule mchanganyiko wa zebaki peke yake. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umezitaka nchi zipunguze zebaki hiyo, na Kenya imo katika mkataba huo. Kijana anayeanza masomo sasa atafanya kazi miaka 35 au 40, na zebaki haitakuwa naye muda wote huo.

Sasa twaingia katika fedha, na hapa tutakaa kidogo, kwani hapa ndipo wenzetu wanapoumia.

Mtoto aliyepata alama za juu kabisa akapelekwa Chuo Kikuu na Serikali, kwa msaada na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na aende. Tusimzuie kwa kuogopa miaka 5. Njaa ya mwanafunzi tunaijua, na kodi ya chumba tunaijua, lakini nafasi kama hiyo haiji mara mbili katika nyumba ya mfanya kazi. Mpango wa karo ulioanza mwaka 2023 umewagawa wanafunzi kwa hali ya nyumba zao, na mzazi huambiwa sehemu yake ya kulipa. Akiona amewekwa katika kundi la matajiri ambalo si lake, asikae akilalamika kwa majirani, bali akate rufani upesi, na Chama kitamwandikia barua ya kuthibitisha mshahara wake.

Lakini yuko mtoto mwingine. Huyu amepata alama nzuri zisizofika zile za nafasi ya Serikali, na mlango uliobaki wa udaktari ni wa kulipa mwenyewe, laki kadhaa za shilingi kila mwaka kwa miaka 5. Baba yake huingia katika sako akaomba mkopo mkubwa kuliko wote aliopata kuomba. Nani wadhamini? Ni sisi: wenzake wa zamu, mlinzi wa lango, mama wa jikoni. Twatia sahihi kwa sababu ni ndugu yetu na kwa sababu twaona fahari mtoto wa kiwanda kuwa daktari. Mwaka wa tatu kiwanda kinapunguza watu. Baba ameondoka, mkopo haulipwi, na akiba za wadhamini zinakatwa. Na mtoto yuko nyumbani na nusu ya udaktari, kitu ambacho hakuna hospitali inayokiajiri.

Kwa mtoto wa namna hii shauri letu ni KMTC. Karo yake ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali, mwanafunzi wake pia aweza kuomba mkopo wa Bodi, na baada ya miaka 3 ana kazi mkononi. Akitaka udaktari baadaye, na aombe kwa mshahara wake mwenyewe. Ila kabla ya kuanza aulize kwa maandishi kama Chuo Kikuu kitampokea na diploma yake, na kwa alama gani, asije akategemea maneno ya barabarani. Wapo watakaosema tunawafundisha maskini kutosheka na kidogo. Hapana. Tunawakataza kununua kwa damu ya wadhamini kitu ambacho Serikali yapaswa kukitoa. Wanaotaka nafasi ziongezwe Chuo Kikuu na waje tudai pamoja; hilo ni dai la Chama, wala mzazi mmoja hawezi kulimaliza kwa mkopo wa sako.

Tena msidhani kwamba cheti cha daktari kikipatikana shida zimekwisha. Chama cha madaktari, ambacho madaktari wa meno wamo ndani yake, kiligoma siku 100 kutoka Desemba 2016 hadi Machi 2017, na viongozi wake wakatiwa gerezani mwezi wa Februari. Mkataba ukatiwa sahihi mwaka huo wa 2017. Mwaka 2024 wakagoma tena siku 56, na kisa kikubwa kilikuwa hawa vijana wa mwaka wa mazoezi hospitalini. Mkataba uliwapa shilingi 206,000 kwa mwezi, Serikali ikasema itatoa 70,000. Wengine walikuwa wamekaa nyumbani miezi mingi wakingoja kupangiwa hospitali. Mwishoni mwa mwaka 2024 Serikali ilikubali kufuata kiwango cha mkataba. Mzazi aliyekopa akihesabu kwamba mtoto ataanza kulipa siku ya pili baada ya kuvaa joho, hesabu yake ina shimo.

Maafisa wa afya ya kinywa na mafundi wana shida yao. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, na kaunti huajiri inapotaka. Kijana anayekwenda KMTC na aulize hospitali za kaunti yake: mna afisa wa kinywa? Mna chumba cha fundi, au meno ya bandia mnayaagiza Nairobi? Jibu la swali hilo lina maana kuliko jina la chuo.

Kwa wanaochagua ufundi wa meno tunaongeza neno la afya, kwa kuwa hiyo ni kazi ya Chama. Kusaga chuma na vigae vya meno hutoa vumbi jembamba linaloingia mapafuni na kukaa humo, na dawa ya kutengenezea plastiki ya meno ina mvuke mkali na huchubua ngozi ya mikono. Karakana nzuri ina mashine ya kuvuta vumbi mezani, na mwanafunzi hufundishwa kuvaa barakoa na miwani tangu siku ya kwanza. Mkienda kuitazama karakana ya chuo, tazameni dirisha na mashine hiyo kabla ya kutazama kitu kingine. Chuo kisichowafundisha vijana kujilinda huwatia mazoea mabaya ya maisha yote, na mwajiri wa kesho atafurahi sana kwamba hawadai.

Halmashauri ya tawi imekubali kwamba fedha za msaada wa masomo mwaka huu zitumike kwanza kununua vyombo vya wanafunzi, si karo peke yake, kwa sababu tumeona vijana wakikwama kliniki kwa kukosa vyombo hali karo imelipwa. Mwanafunzi wa chuo chochote kati ya hivyo viwili aweza kuomba, na hatutauliza kama ataitwa Daktari au hataitwa.

Kabla ya kujaza maombi ya nafasi za vyuo, wazazi waje ofisini siku ya Jumamosi baada ya saa nane. Leteni hati ya matokeo, hati ya mshahara ya miezi mitatu, na karatasi ya mkopo wa sako kama mmekwisha kuichukua. Na mtoto aje mwenyewe. Wiki iliyopita walikuja wazazi sita wakabishana juu ya vyuo saa mbili nzima, na hapakuwa na mtoto hata mmoja wa kuulizwa kama anaweza kutazama damu.