Wahenga Hawakuijua Roma

Jumapili iliyopita, katika ibada hapa Karatu, mhubiri mmoja ambaye siku zote nimemsikiliza kwa taadhima aliwakemea waumini kwa ajizi yao, akanena kwamba ufukara wa nchi hii ya vilima umeletwa na kizazi kilichoupa kisogo wasia wa wazee. Na alipofika pa kuutaja wasia wenyewe, aliinua mkono akasema kwa sauti kuu kwamba wahenga wetu walituachia neno moja la kutosha, nalo ni hili: muda ni mali. Kanisa zima likaitika amina. Mimi sikuitika, na ghadhabu iliyonipanda saa ile haijanishuka hata leo ninapoishika kalamu.

Sidhani kwamba mhubiri alikusudia uongo. Lililonighadhibisha ni itikadi iliyoenea katika mimbari, mabaraza na madarasa yetu, kwamba kila usemi ambao mtu aliusikia utotoni, maadamu ulitoka katika kinywa chenye ndevu nyeupe, ni urithi wa mababu, na anayeuhoji anawatukana wafu. Itikadi hiyo ni batili. Usemi una nasaba. Una mahali ulipozaliwa, kazi iliyouzaa, na mtu aliyefaidika kwa kuusema. Na asiyeijua nasaba ya usemi hana haki ya kuwatwika wahenga.

Neno hilo la muda na mali liliandikwa mwaka 1748 na Benjamin Franklin, mpiga chapa wa Philadelphia, siku ambazo mji huo ulikuwa ungali chini ya mfalme wa Uingereza, katika nasaha alizompa kijana anayeanza biashara. Na hoja yake ilikuwa hesabu tupu ya fedha, kwamba mtu awezaye kuchuma shilingi kumi kwa siku, akikaa bure nusu ya siku hiyo, amezitupa shilingi tano. Ni hesabu ya mwenye duka, wala sina ugomvi nayo ikikaa dukani. Lakini kwetu haikuletwa na babu wa mtu yeyote. Ilipanda mlima pamoja na masetla wa Kijerumani na wa Kiingereza waliofungua mashamba ya kahawa Oldeani baina ya vita viwili vikuu, na nasema hivyo kwa kuwa niliisikia mwenyewe kwa masikio ya mtoto. Marehemu baba yangu alipalilia kahawa huko kwa kipande, ile kadi ya siku 30 ambayo mtu hakuupata mshahara wake mpaka kila siku iwe imetiwa alama, na asubuhi, kabla umande haujakauka, nyapara alipita baina ya mistari ya mibuni akipaza sauti: “Bwana anasema muda ni mali!” Nyapara yule, pamoja na ukali wake wote, alikuwa mkweli, maana hakuficha neno ni la nani. Baadaye nikaingia shule, na mwalimu akaliandika ubaoni miongoni mwa methali, jina la bwana likiwa limekwisha futika. Leo mhubiri anasema wahenga wetu. Katika umri wa mtu mmoja tu, neno la tajiri aliyenunua siku za watu limegeuzwa kuwa neno la mababu wa wale waliouza siku zao, na wajukuu wa wapalizi wanalipokea kwa amina!

Wairaqw waliotoka Mama Isara, kule Mbulu, wakasogea kaskazini hata wakaijaza Karatu, hawakuwa watu wa kufundishwa bidii na mpiga chapa. Walilima miteremko mikali bila kuiacha ardhi ichukuliwe na mvua, wakatia samadi mashambani, wakalaza mifugo ndani ya nyumba zao. Na jirani alipoitwa kulima shamba la jirani hakulipwa kwa saa, alikula na kunywa pamoja na wenziwe, akijua kwamba kesho wao watakuja kwake. Siku ilikuwa na thamani kubwa kwao, ila haikuwa bidhaa. Na hata leo, yule mkulima wa vitunguu wa Mang'ola anayekesha usiku kucha mferejini akingoja zamu yake ya maji, apewe somo gani na mhubiri aliyelala hadi alfajiri?

Mabarazani hali ni mbaya zaidi. Nilipata kuhudhuria mkutano ambamo wananchi walitaka kujua kwa nini mabomba waliyoahidiwa yangali yamelala chini majira baada ya majira, na kiongozi aliyewajibu, badala ya kutoa hesabu, alikohoa na kusema kwamba wahenga walisema Roma haikujengwa siku moja. Wahenga gani hao? Wa Endabash? Wa Rhotia? Wa Nainokanoka? Neno hilo lilikuwamo katika mkusanyo wa misemo ya Kiingereza aliouchapisha John Heywood mwaka 1546, na Wazungu wengine walikuwa nalo kabla yake. Hakuna mzee wa nyanda hizi aliyepata kuiona Roma, wala kuwa na sababu ya kuwaza ilijengwa kwa siku ngapi. Kwa nini basi ahusishwe? Kwa sababu akitajwa mhenga, mwananchi hunyamaza. Hiyo ndiyo faida ya nasaba ya kughushi: huziba kinywa cha mwenye haki. Kiongozi angesema kwamba Heywood wa London ndiye anayewaomba wavumilie, wangemcheka, na mabomba yangefukiwa kabla ya masika.

Nimesikia pia, katika semina moja ya wakulima, kwamba ni hekima ya Kiafrika kuua ndege wawili kwa jiwe moja. Jirani zetu wa ziwa Eyasi ni Wahadzabe, mabingwa wa kuwinda, nao huwinda kwa upinde na mshale. Mwenye kusema kwamba hekima hiyo imetoka porini mwetu na aende akawaulize.

Sikichukii Kiingereza, wala sisemi kwamba hekima ya ng'ambo isifasiriwe. Mwalimu Nyerere aliifasiri tamthilia ya Shakespeare ambamo kasha la dhahabu linamdanganya mchumba, akaiita Mabepari wa Venisi, ikatoka mwaka 1969, na jina la mwenye kazi likabaki pale pale kwa heshima. Huo ndio uungwana. Hakutuambia kwamba ameiokota Butiama kwa bibi yake.

Mtu mmoja, nilipomweleza haya, alinijibu kwa uso mkavu kwamba huenda Wazungu ndio walioiiba misemo hiyo kwetu. Yaani msafiri alikuja hapa kwa siri kabla ya mwaka 1546, akamsikia mzee wa Kiiraqw akizungumza habari za ujenzi wa Roma, akakimbia nayo London! Hoja ya namna hiyo haistahili hata kujibiwa. Wizi mmoja tunaoujua ni ule uliofanywa mchana mbele yetu, pale kampuni ya Disney, baada ya filamu yake ya simba ya mwaka 1994, ilipoyaandikisha Marekani maneno hakuna matata kuwa alama yake ya biashara. Na vijana wetu wanaowapeleka wageni bonde la Ngorongoro, ambao majumbani mwao husema hamna shida, huyapigia kelele maneno hayo langoni Lodoare kana kwamba ndiyo salamu ya mama zao. Kwa jambo hilo hakuna aliyehubiri.

Basi urithi uko wapi? Uko hapa hapa, katika wilaya mbili za Karatu na Ngorongoro ambamo Mwiraqw, Mdatooga, Mmasai na Mhadzabe wanaishi jirani wakisema lugha zisizo na udugu wa karibu, na Wabantu wako kando yao. Wazee wa Kiiraqw wanayo slufay, dua ndefu yenye vina vya fikra na mafumbo mazito, ambayo mmoja huiongoza na wengine humwitikia. Mwingereza W. E. Taylor, padri wa Mombasa, aliona inafaa kuketi na wenyeji wa pwani na kukusanya misemo yao, akaichapisha mwaka 1891; lakini juzi mjukuu wangu alipotakiwa na mwalimu kuandika methali kumi za wahenga, alirudi na daftari lenye Roma, jiwe moja na muda ni mali, zote zimetiwa alama ya vema. Nilikwenda shuleni. Mwalimu, kwa adabu nyingi, alinieleza kwamba hizo ndizo zilizomo katika kitabu chake. Nikamwambia kwamba mzee aiongozaye slufay kijijini kwetu anakaa nyuma ya uwanja wao wa mpira, kwamba bado ana nguvu na kumbukumbu zake ni timamu, na kwamba wiki ijayo nitamleta darasani mwenyewe, wapende wasipende.