Mhandisi wa Maji Asome Jirani na Majitaka

Kila orodha ya vyuo bora duniani inapotoka, wazazi wa Nairobi na Dar es Salaam wenye mtoto anayetaka uhandisi wa ujenzi au wa mazingira hushuka nayo kwa kidole: Cape Town kiko juu, basi apelekwe huko, KwaZulu-Natal cha Durban kiko chini, hakifai. Huu ni uvivu wa kufikiri. QS, mmoja wa watungaji wa orodha hizo, hutoa asilimia 30 ya alama kwa sifa ya chuo machoni mwa wanataaluma, yaani majibu ya dodoso, na asilimia 20 kwa jinsi tafiti zake zinavyonukuliwa. Mwanafunzi ataona mtambo gani ukifanya kazi, au ukishindwa? Hakuna aulizaye.

Kutoka kampasi ya Howard College ya chuo hicho cha KwaZulu-Natal hadi Jacobs, kusini mwa Durban, ni safari fupi ya gari. Hapo viwanda na makazi vimebanana, maana watawala wa ubaguzi wa rangi waliwapanga watu wa Wentworth na Merebank ubavuni mwa viwanda vya mafuta. Mfereji wa aManzimnyama hupita kati ya viwanda na kumwaga maji yake bandarini. Huko Merebank, mwaka 2001 ulianza kazi mtambo uliojengwa kusafisha hadi lita milioni 47 hivi za majitaka kwa siku, ili kiwanda cha karatasi cha Mondi kisitumie maji ya kunywa. Kisha yakaja mafuriko ya Aprili 2022: zaidi ya watu 400 walikufa, mitambo ya majitaka ikaharibika, fukwe zikafungwa kwa sababu ya kinyesi. Jiji hilohilo lilikuwa limetunukiwa Tuzo ya Maji ya Stockholm kwa Sekta ya Viwanda mwaka 2014! Tuzo na fukwe zilizofungwa, ndani ya miaka minane: anayetaka kujua kwa nini mtambo mzuri hufa, pampu ikikosa fundi au bajeti ya matengenezo ikicheleweshwa, somo lake liko hapo. Mhandisi atakayerudi bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, atakutana na maswali hayohayo, wala hatajibu kwa cheo cha chuo chake.

Wapo wanaosema ithibati ndiyo muhimu. Ni muhimu, na huthibitishwa kwa barua pepe moja kwa Baraza la Uhandisi la Afrika Kusini, lililo ndani ya Mkataba wa Washington, wa kutambuana shahada za uhandisi kati ya nchi, tangu 1999. Wengine husema waajiri hupenda jina kubwa; sawa, kwa kazi ya kwanza. Mtu angenitajia ukame wa 2018, Cape Town ilipokaribia kufunga mabomba, ningemsikiliza, kwani hapo pia pana la kujifunza. Lakini mwenye orodha hautaji kamwe! Basi aandikie chuo, chochote kile: wanafunzi wa mwaka wa tatu hupelekwa mtambo upi, kwa wiki ngapi, na nani huwaruhusu kuchota sampuli?