Tochi ya mtoto mvunguni mwa Land Rover ya babu

DOA lilikuwa dogo, kama sahani ya kahawa. Baba aliliona Jumamosi asubuhi kwenye sakafu ya uani, karibu na tairi la nyuma la kushoto la Land Rover aliyorithi kwa baba yake. Gari ni Series III, aina iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, na familia huipenda kama ndugu. Alipochungulia, akakuta oili imetiririka upande wa ndani wa tairi.

“Ni oili kidogo tu, mama watoto,” alimwambia mkewe. “Nitaongeza, kesho twende Lushoto kwa bibi kama tulivyopanga.”

Mama alifikiria barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, kona zake na makorongo yake, na watoto watatu wakiwa kiti cha nyuma. “Hapana, baba. Mwite kwanza yule fundi mzee.”

Fundi alipofika, alikuta baba ameshaanza kazi. Jeki ilikuwa imeinua tairi la nyuma, na mtoto wa miaka minane amelala kifudifudi mvunguni akimshikia baba yake tochi. Mzee hakungoja hata salamu. “Mtoto, toka huko sasa hivi!”

Mtoto akatoka, akaamkia. “Shikamoo babu.” “Marahaba, mjukuu wangu. Kaa pale barazani.”

Baba alijitetea kwamba hendibreki ilikuwa imevutwa. Fundi akamweleza jambo ambalo wenye magari haya wengi hawalijui. Hendibreki ya Land Rover za zamani haishiki matairi, inashika shafti inayotoka kwenye gia kwenda nyuma. Tairi moja la nyuma likiinuliwa, difu huliruhusu lizunguke upande mmoja huku lililobaki chini likizunguka upande mwingine. Hendibreki imevutwa, lakini gari linaweza kutembea na kuanguka kutoka kwenye jeki.

Hivyo kazi ilianza upya. Gari lilisogezwa mahali tambarare na pagumu. Matairi ya mbele yakazuiwa kwa vipande vya mbao, mbele na nyuma yake. Nati za tairi zikalegezwa kabla ya kuinua, na ekseli ikakalishwa juu ya stendi imara. Jeki ni ya kuinulia, si ya kumtegemea mtu akiwa chini.

Fundi alinusa ile oili. Ilikuwa nzito na yenye harufu kali ya salfa, akajua ni oili ya difu. Ingekuwa nyepesi, na maji ya breki yangekuwa yamepungua kwenye kopo lake, angeshuku silinda ya breki ya tairi hilo.

Hatari ya uvujaji huu haiko sakafuni. Oili hupita kwenye sili iliyochakaa ndani ya habu, ikaingia kwenye dramu na kulowesha breki shuu. Siku dereva anapokanyaga breki kwenye mteremko, upande mmoja unashika na mwingine unateleza. Dramu ilipotolewa, breki shuu za kushoto zilikuwa zinang’aa kwa oili.

Ndani ya dramu ya kulia, ambayo haikuvuja, kulikuwa na vumbi la kijivu. Baba alileta pampu ya upepo alipulize. Mzee akamzuia tena.

Breki shuu za magari ya zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Nyuzi zake ni ndogo kiasi kwamba mtu hazioni, na akizivuta huweza kukaa kwenye mapafu miaka mingi. Zinasababisha saratani ya mapafu na mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au 40, wakati mtoto aliyekuwa akitazama ameshakuwa mzazi. Kwa macho huwezi kujua kama vumbi lina asbesto, kwa hiyo salama ni kulichukulia kuwa linayo. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizo.

Vumbi lililoweshwa kwa maji ya sabuni, likafutwa kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kikafungwa kwenye mfuko wa plastiki. Halikupulizwa wala kufagiliwa kavu. Baadaye mama aliagiza nguo za kazi zivuliwe nje na zifuliwe peke yake, na baba aoge kabla ya kumbeba mtoto mdogo. Vumbi hili huingia nyumbani kwa kupanda nguo.

Habu ilipofunguliwa, sili ilikuwa ngumu kama kipande cha mti. Ringi ya chuma ambayo sili huizunguka ilikuwa imelika mfereji. Fundi akabadilisha vyote viwili, maana sili mpya juu ya ringi iliyolika huvuja tena. Kisha akazibua kipumulio kilicho juu ya ekseli, kilichojaa tope. Kikiziba, hewa inayopata joto ndani hukosa njia na kuisukuma oili ipite kwenye sili. Breki shuu mpya zikafungwa pande zote mbili, ili gari lisivute upande mmoja. Oili namba 90 ikajazwa hadi ukingo wa tundu la kujazia, bila kuzidisha.

Lilibaki jambo moja. Petroli ya kuoshea spea ilikuwa kwenye chupa ya soda, juu ya kigoda, usawa wa mkono wa mtoto wa miaka miwili. Mama aliiona wa kwanza. Mtoto akinywa petroli, asilazimishwe kutapika na asipewe maziwa ili kuiondoa, kwa sababu ikipanda tena inaweza kuingia kwenye mapafu na kuleta nimonia kali. Apelekwe hospitali mara moja, na chombo kilichokuwa na petroli kipelekwe pia. Kinga ni kutoiweka kabisa kwenye chupa ya kinywaji.

Jioni baba alijaribu breki peke yake, taratibu, kwenye barabara tambarare isiyo na watu. Gari lilisimama limenyooka. Bibi aliambiwa asubiri wiki moja, akasema hana haraka na watu wazima.

Jumapili asubuhi mtoto wa miaka minane alikuja na tochi yake, akainama akiwa amesimama mbali na gari, akamulika sakafu chini ya tairi. Ilikuwa kavu.