MBEGU ZA AMANI ZIMEFIKA UCHINA. JE, HANDENI?



Siku hizi wakubwa wana wimbo mmoja: tujenge vijiji vya sayansi, ambamo chuo kikuu, maabara na kiwanda vitakaa ua mmoja. Twaambiwa jambo hili lilianza Marekani mwaka 1951, Chuo Kikuu cha Stanford kilipowapa wenye viwanda nafasi katika ardhi yake. Sisi hatukatai vijiji hivyo. Tunalokataa ni kuambiwa kwamba jambo hili ni geni kwetu. Watu wa Korogwe na Handeni wamekaa jirani na kijiji cha sayansi tangu mwaka 1902, nao wana haki ya kuuliza kimewaletea nini.

Mwaka huo Wajerumani walianzisha kituo cha Amani, juu ya milima ya Usambara ya Mashariki: maabara, maktaba, na bustani za miche kutoka pembe nyingi za dunia. Vita vya 1914 vilipowafungia bahari, Amani ndiyo iliyowatengenezea kwinini askari wao. Waingereza nao, baada ya kukiacha miaka kadhaa, wakakifufua. Na katika miaka ya 1930 wenye mashamba ya mkonge wakapata kituo chao, Mlingano, kule Ngomeni.

Je, kazi iliyofanywa ilikuwa mbaya? La! Tusiwe watu wa kutukana kila kitu. Mkonge uliletwa na Hindorf, Mjerumani, mwaka 1893, ikapona miche 62 tu. Watafiti wa Amani wakazalisha mkonge chotara, namba 11648, wenye majani mengi kuliko ule wa kwanza. Mwaka 1963 chotara huyo akafika Uchina, na mpaka leo ndiye anayetawala mashamba ya mkonge ya huko. Muhogo nao ulikuwa ukiangamizwa na batobato. Hapo hapo Amani ukachanganywa na jamaa yake, mti wa mpira, ukapata nguvu ya kuupinga ugonjwa. Mbegu zake zikapelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na tangu 1971 wataalamu wa Ibadan wakazitumia kuzalisha muhogo unaolisha mamilioni ya Waafrika.

Basi ubaya u wapi? Ubaya ni huu: ng'ombe alilishwa kwetu, maziwa yakagawiwa kwingine. Mwaka 1948 utafiti wa kilimo uling'olewa Amani ukapelekwa Muguga, karibu na Nairobi. Mkulima wa Handeni, ambaye mvua humkimbia na muhogo ndio ngao yake wakati wa njaa, hakuwa na kiti katika baraza lililokata shauri hilo.

Lakini tusimsingizie mkoloni kila kitu. Mkoloni aliondoka mwaka 1961. Mwaka 1964 tulitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Mwaka 1967 tukataifisha mashamba mengi. Karne ilipokwisha, mavuno hayakufika hata tani 30,000. Ni kweli, kamba za plastiki zilitupiga. Lakini je, plastiki ndiyo iliyotukataza kutumia maarifa yaliyolala mlangoni petu?

Tazameni Hale, wilaya ya Korogwe. Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki zilikuwa zikitupwa. Mwaka 2007 ukazinduliwa hapo mtambo wa kutengeneza gesi na umeme kutokana na taka hizo, wa kwanza duniani. Wa kwanza duniani, ndugu zangu, nao u Korogwe! Je, ni mashule mangapi yanayowafundisha watoto habari hiyo?

Tazameni tena malaria. Tangu 2009 watoto wa Korogwe walishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo, pamoja na wenzao wa nchi nyingine sita za Afrika. Chanjo ikaonekana inafaa. Ilipoanza kutolewa kwa watoto wengi mwaka 2019, zilichaguliwa Ghana, Kenya na Malawi. Hatuwaonei wivu ndugu zetu. Twasema tu kwamba aliyetoa mkono wa mtoto wake kuchomwa sindano anastahili kuulizwa habari ya foleni.

Kwa hiyo, kikijengwa kijiji cha sayansi, tunadai mambo matatu. Kwanza, kisijengwe Dar es Salaam kwa kuwa barabara za huko ni nzuri. Kijengwe kwenye mkonge na kwenye njaa. Pili, Chuo Kikuu cha Sokoine kilete wanafunzi wake wakae na vyama vya ushirika vya wakulima, si siku mbili za kupiga picha, bali msimu mzima, kutoka kupanda hadi kuvuna. Tatu, wakulima wapate viti katika baraza lake, na mbegu mpya ianze kwao kabla ya kupanda meli.

Mwanachama, katika mkutano ujao wa tawi lako simama umwulize diwani: mbegu iliyozaliwa mlimani petu itashuka lini shambani petu? Usiketi mpaka amejibu.