Mhandisi Hana Budi Kujifunza Kuongoza Kazi

Kijana wa kidato cha tano anayetaka kuwa mhandisi huambiwa mapema kwamba hana budi kuwa hodari katika hisabati, fizikia na kemia. Ushauri huo ni wa haki, wala hakuna mwalimu atakayeupinga. Lakini ni mara chache kijana huyo huambiwa kwamba, akishahitimu, sehemu kubwa ya siku yake haitapita katika kukokotoa. Itapita katika kuagiza saruji na vipuri, kugawa kazi kwa mafundi, kufanya makisio ya fedha, kuandika taarifa, kusikiliza malalamiko, na kuamua kipi kitangulie na kipi kisubiri. Shughuli hizo zina kanuni zake, nazo huitwa kanuni za uongozi wa kazi, au menejimenti. Maoni ya makala haya ni kwamba kanuni hizo si nyongeza tu kwa mhandisi. Ni sehemu ya uhandisi wenyewe, na chuo kikuu kisichozifundisha kwa dhati humtoa mhandisi akiwa nusu.

Wazo hili si geni. Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, alihitimu katika shule ya migodi ya Saint-Étienne mwaka 1860, akiwa na umri wa miaka 19. Mwaka 1888 alikabidhiwa uongozi wa kampuni ya migodi na chuma iliyokuwa karibu kufilisika, naye akaisimamisha tena. Alipoulizwa siri ya mafanikio yale, hakujisifu kwa kipaji. Alisema yalitokana na mfumo wa uongozi alioutumia. Katika kitabu chake cha mwaka 1916 aliugawa uongozi katika mambo matano: kutazamia yajayo, kupanga, kuamuru, kuoanisha kazi za watu mbalimbali, na kukagua. Humo pia alizilaumu shule za uhandisi za nchi yake kwa kuwalundikia wanafunzi hisabati huku zikiwanyima mafunzo ya uongozi. Zaidi ya miaka mia moja imepita tangu hapo, na lawama ile bado inao wa kuwagusa.

Ili tuone kwa nini jambo hili ni zito, tuangalie ujenzi wa daraja la Quebec, katika nchi ya Kanada. Daraja hilo la chuma lilikusudiwa kuvuka mto Saint Lawrence kwa mwanya mmoja wa futi 1,800, yaani karibu mita 549, na kuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake duniani. Mhandisi mshauri alikuwa Theodore Cooper, mtu mwenye sifa kubwa katika kazi hiyo. Hapo mwanzo mwanya ulikuwa futi 1,600. Ulipoongezwa, uzito wa daraja lenyewe haukukokotolewa upya ipasavyo, na chuma kikaja kubeba mzigo mzito kuliko uliokadiriwa. Hilo lilikuwa kosa la hesabu, na mwanafunzi yeyote wa uhandisi hufundishwa kuliepuka.

Lakini kosa la hesabu halikuwa peke yake. Cooper, aliyekuwa mzee na mwenye afya dhaifu, alisimamia kazi akiwa New York, mamia ya kilomita kutoka mtoni. Aliyemwakilisha mahali pa kazi alikuwa mhandisi kijana, Norman McLure, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia na kutoa taarifa. Mnamo Agosti 1907 boriti kuu za chini zilianza kupinda. Tarehe 27 Agosti boriti moja iliyokuwa imepinda robo tatu ya inchi ilikutwa imepinda inchi mbili na robo. Chuma kilikuwa kinasema waziwazi kwamba kimeelemewa. Pale mtoni wakabishana: wengine walisema boriti zilikuwa zimepinda tangu kiwandani, wengine walikataa. Kazi ikaendelea.

McLure alipanda treni kwenda New York kumwona Cooper. Tarehe 29 Agosti, muda mfupi baada ya adhuhuri, Cooper alipeleka simu ya maandishi kwenye ofisi ya kampuni ya wajenzi, katika jimbo la Pennsylvania, akiagiza mzigo usiongezwe tena darajani. Simu ilifika alasiri. Wakuu wa kampuni wakaona ni bora wamsubiri McLure afike wazungumze. Hakuna amri iliyopelekwa Quebec. Saa kumi na moja na dakika 37 jioni, mafundi wakiwa karibu kumaliza kazi ya siku, daraja lilianguka mtoni. Kati ya watu 86 waliokuwa juu yake, 75 walikufa. Zaidi ya thelathini kati yao walikuwa Wamohawk wa kijiji kimoja, Kahnawake.

Tume ya serikali iliyochunguza msiba huo ilitoa uamuzi ambao kila mhandisi anapaswa kuukumbuka. Ilisema kwamba baada ya tarehe 27 Agosti daraja lisingeweza kuokolewa kwa njia yoyote. Lakini watu wangeweza kuokolewa, kama wenye dhamana wangeamua kwa busara zaidi. Hesabu sahihi ingeliokoa daraja. Uongozi bora ungewaokoa watu 75. Kilichokosekana siku zile mbili si ujuzi wa vyuma. Kilichokosekana ni jibu la swali dogo ambalo lilipaswa kujibiwa tangu siku ya kwanza ya ujenzi: ni nani, akiwa hapahapa, mwenye mamlaka ya kusema "simamisheni kazi"?

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni ya mbali na ya zamani. Basi tuje nyumbani. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi kwa umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake, ifikapo mwaka 1991. Visima vilichimbwa, matangi yakajengwa, pampu zikafungwa. Hata hivyo, Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilieleza kwamba ni karibu nusu tu ya wananchi wa vijijini waliokuwa wakipata huduma ya maji ya kuaminika, na kwamba zaidi ya asilimia 30 ya miradi ya maji vijijini haikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sababu zilikuwa nyingi, na hali ngumu ya uchumi ilikuwa mojawapo. Lakini pampu haikatai kuvuta maji kwa kuwa sheria za fizikia zimebadilika. Hunyamaza kwa sababu mafuta yamekwisha na hakuna aliyepewa kazi ya kukusanya fedha za kuyanunua. Kwa sababu kipuri hakikuagizwa. Kwa sababu aliyefundishwa kuitengeneza amehama. Au kwa sababu wanakijiji hawakushirikishwa tangu mwanzo, hivyo huiona ni mali ya serikali. Mambo yote hayo yangeweza kutazamiwa na kuandikwa katika mpango, kando ya kipimo cha bomba na nguvu ya pampu.

Wengine hudhani kwamba uongozi ni suala la tabia njema na maneno matamu, hauna sayansi ndani yake. Tuchukue mfano mdogo ambao hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuukokotoa. Tuseme kijiji kinataka kuvuta maji. Kuagiza pampu na mabomba mpaka yafike huchukua wiki 12. Kuchimba mtaro ni wiki 5. Kujenga tangi ni wiki 6. Kulaza mabomba ni wiki 3, na hakuwezi kuanza mpaka mtaro uwe tayari na mabomba yamefika. Kufunga pampu na kuijaribu ni wiki 1, baada ya kazi nyingine zote kwisha. Je, mradi utachukua muda gani?

Njia ndefu kuliko zote ni ile ya kuagiza, kulaza na kufunga: 12 na 3 na 1, jumla wiki 16. Hakuna namna ya kumaliza mapema kuliko hapo bila kufupisha mojawapo ya kazi hizo tatu. Mtaro unaweza kuchelewa kuanza kwa wiki 7, na tangi kwa wiki 9, bila kudhuru lolote. Lakini mhandisi asiyepanga huanza na kazi inayoonekana: hukusanya watu, huchimba mtaro kwa shangwe, kisha ndipo anapokumbuka kuagiza mabomba. Hapo mradi utachukua 5 na 12 na 3 na 1, yaani wiki 21. Wiki tano zimepotea ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwa mvivu, na mtaro utakuwa umekaa wazi ukisubiri mvua kuufukia. Akiongeza wachimbaji mia moja, hataokoa hata siku moja ya zile wiki 12 za kusubiri mabomba. Njia hii ya kukokotoa ilikuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa ajili ya ujenzi wa viwanda vya kemikali na miradi ya jeshi la majini. Inahitaji kujumlisha na kutoa tu. Kinachotakiwa zaidi ni mazoea ya kufikiri kabla ya kushika sururu.

Ni kweli kwamba vyuo vingi leo vina somo la menejimenti katika ratiba ya uhandisi. Swali ni jinsi linavyofundishwa. Mara nyingi huwekwa mwaka wa mwisho, mwanafunzi akiwa na haraka ya kumaliza. Hukaririshwa orodha za kanuni, huandika mtihani, kisha husahau. Hivyo sivyo tunavyofundisha umeme. Hakuna anayempa mwanafunzi shahada ya umeme bila ya kumwingiza katika maabara. Basi uongozi nao uwe na maabara yake, na maabara hiyo ni kazi halisi. Tangu Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1973, mafunzo ya vitendo mahali pa kazi yamekuwa desturi. Mwanafunzi anapopelekwa kiwandani asitazame mashine peke yake. Aulizwe pia: kipuri kikivunjika leo, karatasi ya kukiagiza hupita mikononi mwa nani, na kwa siku ngapi? Mtambo ukitoa dalili ya hatari usiku, nani ana ruhusa ya kuuzima? Arudi na majibu, ayatetee mbele ya wenzake.

Wapo wenye pingamizi. La kwanza ni kwamba ratiba imejaa. Jibu ni kwamba si lazima kuongeza somo jipya kila mara. Mradi uleule wa kusanifu daraja dogo unaweza kudai pia gharama zake, mpangilio wa kazi zake, na jina la mwenye dhamana katika kila hatua. La pili ni kwamba uongozi huja kwa umri na uzoefu. Uzoefu ni mwalimu mzuri, lakini karo yake hulipwa na wengine. McLure alikuwa na macho ya kuona hatari. Hakupewa mamlaka ya kuizuia.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Wapo wanaohofu kwamba mhandisi akifundishwa uongozi ataacha ukweli wa vipimo na kuwa mtumishi wa ratiba na fedha. Hofu hiyo ina ushahidi. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kusukuma chombo cha anga cha Challenger walishauri kisirushwe, kwa kuwa baridi ilikuwa kali na mipira ya kuzibia maungio ya roketi haikuwa imethibitishwa katika baridi ya namna hiyo. Wakuu wa kampuni walijitenga, na mkuu wa uhandisi akaambiwa avue kofia ya uhandisi na avae ya uongozi. Ushauri ukageuzwa. Asubuhi chombo kilirushwa, na baada ya sekunde 73 kikasambaratika na watu wake saba wakafa.

Hata hivyo, msiba huo haufundishi kwamba mhandisi akae mbali na uongozi. Unafundisha kwamba kofia hizo mbili zisitenganishwe kamwe. Kanuni ya kwanza ambayo mwanafunzi anapaswa kufundishwa ni kwamba taarifa ya hatari haipigiwi kura. Anayetaka kuendelea na kazi ndiye anayepaswa kuthibitisha usalama, wala si anayetaka kuisimamisha kuthibitisha hatari. Mhandisi aliyejifunza jinsi maamuzi yanavyofanywa hujua aseme nini, amwambie nani, na aandike wapi, ili sauti yake isipotee njiani kama ilivyopotea amri ya Cooper.

Walimu wa sekondari mnaweza kuanza kazi hii kabla ya chuo kikuu. Wanafunzi wanapofanya jaribio kwa vikundi, wapangeni: nani anapima, nani anaandika, nani anakagua, na nani atasimamisha jaribio likiharibika. Shule inapojenga tangi au kulima bustani, waachieni wanafunzi wapange wenyewe utaratibu wa kazi na makisio yake, kisha mwishoni walinganishe walichopanga na kilichotokea. Nanyi wanafunzi mnaotaka kuwa wahandisi, endeleeni kuipenda hisabati. Lakini kila mnapoona bomba la kijiji limekauka, msiulize tu ni kitu gani kilichovunjika. Ulizeni pia ni nani aliyepaswa kujua, na kama alikuwa na uwezo wa kufanya lolote.