Neno "nipo" halijazi tangi

Najua nimewatupa kidogo, ni majaribio mfululizo wiki nzima. Leo nina dukuduku langu.

Mshkaji wangu mmoja wa kompyuta anatengeneza programu ya mtandaoni ya kutafuta watu wa kuchangia safari. Unaweka unakokwenda, tarehe na idadi ya viti. Anayetaka anabonyeza "Nipo". Juzi kanionyesha, nikaipenda. Ila nikamwuliza, mtu akibonyeza halafu akaingia mitini? Akacheka: "Hiyo ni tabia ya watu kaka, programu itafanyaje?"

Hapo sikubaliani naye, maana yalishanikuta.

Mnaikumbuka ile safari ya Mikumi. Kwa sisi raia kiingilio cha hifadhi si tatizo, gari ndilo linaloua, kutoka Dar ni karibu kilomita 300 kwenda tu. Tulikodi Coaster kwa laki tisa. Watu 30 wakaandika "nipo" kwenye kundi la WhatsApp, yaani elfu 30 kila mtu. Saa 10 alfajiri getini tulikuwa 18. Simu hazipokelewi! Dereva akasema hawashi gari mpaka hela itimie. Kila mmoja akaongeza elfu tano, bado ikapelea laki mbili na sabini. Nani aliziba? Mimi na rumeti wangu, kwa hela ya bumu. Tembo tuliwaona, twiga pia, lakini mwezi ule chakula cha jioni kilikuwa uji.

Sasa wale 12 si watu wabaya. Kusema "nipo" hakukuwagharimu kitu, na kutotokea pia hakukuwagharimu kitu. BlaBlaCar ya Ufaransa, iliyoanza 2006 kwa kuunganisha madereva na abiria, iliyaona hayohayo: abiria walikuwa wanalipa mkononi siku ya safari, na wengi wakikacha. Ilipoanza kulipisha mtandaoni kabla ya safari, wanaokacha wakapungua sana. Tabia ya watu ilibadilika baada ya utaratibu kubadilika.

Kwa hiyo mimi nasema, jina lisihesabiwe mpaka mtu alipe elfu tano ya kushikia kiti. Idadi isipofika siku tatu kabla, kila mtu arudishiwe chake kwenye simu. Na hela hiyo isikae kwenye simu ya mratibu, hata mratibu akiwa mimi. Halafu kila anayejiunga athibitishwe kwamba ni mwanafunzi kweli, dada zetu wajue wanapanda gari na nani.

Najua mtasema bumu huchelewa. Kweli, hata mimi huwa linanikuta. Lakini asiye na elfu tano bora tujue mapema, tumtafutie nafasi ya baadaye, kuliko kujua alfajiri dereva akiwa amenuna.

Mshkaji kasema atafikiria. Nyie mnasemaje?

Na kama ulikuwa kati ya wale 12, namba yangu ni ileile. Alamsiki.