Kishona nguo tukipalilie kikiwa kichanga

Tukitoka shambani, huku kwenye miteremko ya Nguba, nguo zinajaa vile visindano vyeusi. Tunavichomoa, tunavitupa palepale njiani. Ndugu, hapo tunajipandia magugu sisi wenyewe! Mmea mmoja wa kishona nguo unaweza kutoa mbegu zaidi ya 3,000.

Kwa maoni yetu, palizi isingoje visindano. Kikiwa kichanga, majani yake ni mboga. Kikianza kuweka maua, tukingʼoe, tukilaze kati ya mistari ya maharagi, mvua isiporomoshe udongo hadi Ziwa Kivu. Visindano vikishakomaa, ni kuchoma tu.

Leo bamama ndio wanainama na jembe mara ya pili, mara ya tatu. Tupalilie mapema, sote, baba na mama.